Bustani ya Mzee Asiyejua Siasa

Tuanze na jina, maana jina ndilo lililonipeleka huko. Katika mji wa Suzhou, China, mwendo wa kama nusu saa kwa treni ya kasi kutoka Shanghai, kuna bustani inaitwa Zhuozheng Yuan. Vitabu vya watalii vya Kiingereza vinaiita bustani ya mtawala mnyenyekevu, na nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mimi ni ripota wa gazeti. Miaka yangu michache ya kazi imenifundisha kwamba kigogo akianza kujiita mnyenyekevu, ndipo unapotakiwa kuuliza kiwanja kakipata wapi. Na bustani yenyewe ina hekta 5.2, yaani karibu ekari 13, katikati ya mji wa zamani. Jamani, unyenyekevu wa ekari 13!

Basi nikaenda na swali moja tu kwenye daftari langu: nani alilipia? Nimerudi na majibu mengi kuliko nilivyotarajia, na si yote yanayompendeza mtu aliyekwenda pale akiwa tayari ameandika kichwa cha habari.

Kwanza nisahihishe tafsiri. Kwa Kichina neno "zhuo" halina maana ya unyenyekevu. Maana yake ni mtu mzito wa mikono, asiye na ujanja, asiyejua kuzicheza karata. "Zheng" ni utawala, siasa, mambo ya serikali. "Yuan" ni bustani. Kwa hiyo ukilitafsiri bila kulipamba, ni bustani ya mtu asiyejua siasa. Ni jina la mtu aliyeshindwa, na mtu huyo alikuwepo kweli.

Aliitwa Wang Xianchen, mwenyeji wa Suzhou. Mwaka 1493 alifaulu mtihani wa juu kabisa wa utumishi wa serikali, ule uliokuwa ukifanyika kwenye mji mkuu na ambao watu walizeeka wakiurudia. Akaingia kazini wakati wa utawala wa ukoo wa Ming na hatimaye akawa mkaguzi, kazi ya kuwachunguza watumishi wenzake na kumpelekea mfalme taarifa. Unajua kazi kama hiyo humfanya mtu apendwe na nani. Wakati ule kulikuwa na idara ya upelelezi iliyokuwa mikononi mwa matowashi wa ikulu, watu walioogopwa nchi nzima. Wang akagombana nao. Akakamatwa, akachapwa viboko, akashushwa cheo na kupelekwa mikoa ya mbali kusini kufanya kazi ndogo ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 akarudi kwao Suzhou na hakurudi tena serikalini. Kwa lugha yetu tungesema alistaafishwa kwa manufaa ya umma, ila umma wenyewe haukuulizwa.

Hapo ndipo alipoanza kujenga bustani, na akaipa jina ambalo kila msomi wa wakati ule aliposikia alijua linatoka wapi. Linatoka kwenye andiko la Pan Yue, mshairi aliyeishi zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, aliyezaliwa mwaka 247. Pan Yue aliandika kuhusu raha ya kuachana na vyeo na kukaa nyumbani ukilima mboga zako na kumtunza mama yako, na akasema maisha ya namna hiyo ndiyo utawala unaomfaa mtu asiye na ujanja. Ni maneno matamu, na hasa kwa mtu aliyechapwa viboko kwa kufanya kazi yake.

Lakini sikiliza na hili. Pan Yue mwenyewe alikuwa mpambe wa hali ya juu. Kumbukumbu za kihistoria za China zinasema kwamba kulikuwa na kigogo mmoja, na gari lake lilipopita Pan Yue alikuwa akisujudu kwenye vumbi lililobaki barabarani. Mwaka 300 upande wake wa siasa ulipoanguka, naye akauawa, na ndugu zake pamoja na mama yake mzazi wakauawa pamoja naye. Yule yule aliyesifu maisha ya kukaa kando hakuweza kukaa kando hata siku moja, na mama aliyesema atamtunza akafa kwa sababu yake.

Sasa jiulize, Wang Xianchen alikuwa akisema nini alipochukua jina hilo? Huenda alikuwa akisema kwamba yeye amefanya alichoandika Pan Yue na ambacho Pan Yue hakukifanya. Huenda alikuwa akiwapiga kijembe waliobaki Beijing. Ni jina lenye ncha mbili, na kwa mtu aliyekatazwa kusema hadharani, lango la nyumbani lilikuwa gazeti lake.

Hilo linamtetea mzee wetu. Upande wa pili wa hesabu nao upo. Eneo lenyewe lilikuwa la hekalu la Kibudha kabla halijawa bustani yake. Na kuchimba mabwawa, kupanda miti, kujenga kumbi na kulisha watunzaji wa bustani hakutoki kwenye mshahara wa mkaguzi aliyeshushwa cheo. Kilichowezesha mambo haya kilikuwa Suzhou yenyewe. Mji huu ulikuwa juu ya Mfereji Mkuu uliounganisha kusini na Beijing, ulikuwa mji wa hariri na wa mpunga, na wilaya yake peke yake ilibebeshwa karibu sehemu moja ya kumi ya kodi yote ya ardhi ya himaya, ingawa ardhi yake ilikuwa kipande kidogo tu cha nchi. Karibu na hapo ndipo ilipo Taicang, ambayo hadi leo iko chini ya utawala wa Suzhou, na bandari yake ya Liujiagang ndiko zilikokusanyika meli za Zheng He. Naam, ni zile zile ambazo katika msafara wa miaka ya 1417 hadi 1419 zilifika Malindi. Kwa hiyo miaka kama 90 kabla Wang hajachimba bwawa lake, njia ya kuja kwetu ilikuwa ikianzia jirani na kwake. Pesa ilikuwepo. Na aliyeitoa shambani, kwa kodi na kwa kodi ya pango, alikuwa mkulima.

Mwanahistoria wa Uingereza, Craig Clunas, aliandika kitabu mwaka 1996 kuhusu bustani za enzi ya Ming, na hoja yake ilinisaidia sana. Anasema bustani hizi mwanzoni zilikuwa pia mali ya uzalishaji: miti ya matunda, mianzi, samaki, mboga. Ukizitazama picha zilizochorwa na Wen Zhengming, rafiki wa Wang, unaona anachokisema. Mwaka 1533 Wen alichora mandhari 31 za bustani hii na kuziandikia mashairi. Kwenye picha hizo majengo ni machache, na maji na miti ni mingi. Wen naye alikuwa mtu wa kushindwa: alifeli mtihani wa serikali mara nyingi, akapata nafasi Beijing akiwa mtu mzima sana, akakaa miaka michache na kuomba kuondoka. Kwa hiyo picha zile ni kazi ya mtu aliyeshindwa siasa akimchorea rafiki aliyeshindwa siasa. Sijui kama kuna urafiki ulioacha kumbukumbu nzuri zaidi ya hiyo.

Bustani niliyoitembelea mimi si ile ya kwenye picha za Wen. Sehemu kubwa ya majengo na mpangilio wa sasa ni ya karne ya 19. Lakini mbinu ni zile zile, na nataka nizieleze, maana bila kuzielewa utaona mabwawa na mawe tu, utapiga picha na kuondoka.

Kwa nje huoni kitu. Ukuta mrefu mweupe, vigae vya kijivu, basi. Ukishaingia hupewi kila kitu kwa mkupuo. Unakutana kwanza na ukuta au kilima cha mawe kinachokuzuia, unazunguka, ndipo bwawa linafunguka mbele yako. Njia haziendi moja kwa moja. Madaraja yana kona, na baraza zenye paa zinapanda na kushuka kufuata ukingo wa maji. Kila baada ya hatua chache kuna dirisha la nakshi lisilo na kioo, na nyuma yake wamepanda mgomba mmoja au mianzi mitatu, ili dirisha liwe fremu na mmea uwe picha. Ukisogea hatua mbili, picha inabadilika. Nilichukua saa tatu kuzunguka mahali ambapo mtu mwenye haraka angevuka kwa dakika kumi na tano.

Kuna mbinu moja wanaiita kuazima mandhari. Ukisimama upande wa mashariki wa bwawa la kati na kutazama magharibi, juu ya maji na miti unaona mnara wa hekalu umesimama kwa mbali, na unaapa kwamba uko ndani ya bustani. Haumo. Ni mnara wa Hekalu la Kaskazini, wenye urefu wa kama meta 76, na uko mitaa kadhaa nje ya ukuta. Mwenye bustani hakujenga mnara wala hakulipa hata senti. Alichofanya ni kuhakikisha hakuna kinachouziba. Serikali za mji nazo zimelazimika kuheshimu jambo hilo, maana jengo moja refu likiota katikati, karne tano za mbinu zinakwisha.

Katika sehemu ya kati kuna ukumbi wenye madirisha pande zote nne, umetazama bwawa la yungiyungi, na jina lake linahusu harufu ya maua inayofika kutoka mbali. Kwa Wachina yungiyungi ni ua la mtu safi, kwa sababu linaota kwenye tope na kutoka bila doa. Mtumishi wa serikali anayepanda yungiyungi mbele ya ukumbi wake anatoa taarifa kwa vyombo vya habari bila kuandika neno.

Upande wa magharibi kuna kibanda kidogo chenye umbo la kipepeo cha mkono, kile cha kujipepea. Dirisha lake lina umbo hilo, meza ina umbo hilo, na kigoda pia. Sehemu hiyo mwaka 1877 ilinunuliwa na tajiri mmoja wa biashara ya chumvi, Zhang Lüqian, na inasemekana mababu zake walianza maisha kwa kutengeneza vipepeo. Nilikipenda kile kibanda kuliko kumbi zote. Katika bustani nzima ya watu wanaojiita wanyonge huku wakimiliki ekari, huyu peke yake ndiye aliyeweka kazi ya mikono ya wazee wake mahali pa kuonekana.

Sasa tuje kwenye mawe, maana hapo ndipo historia inapochafuka.

Bustani za Suzhou zimejaa mawe ya ajabu yaliyotobolewa tobolewa, yamesimama wima kama moshi uliogandishwa. Ni mawe ya chokaa kutoka Ziwa Tai, lililo jirani na mji. Maji ndiyo yaliyoyatoboa kwa miaka mingi. Jiwe lisilopendeza sana mafundi walilichonga matundu, kisha wakalirudisha ziwani mawimbi yalilainishe, na aliyelitoa wakati mwingine alikuwa mtoto au mjukuu wa aliyelitumbukiza. Hilo ni jambo la kupendeza, na ningeishia hapo kama nisingekutana na habari za mfalme Huizong.

Huizong alitawala kuanzia mwaka 1100, enzi ya ukoo wa Song, miaka 400 kabla ya Wang. Alikuwa mchoraji mzuri, mwandishi wa hati nzuri, na mtawala wa hovyo. Akataka kujenga bustani ya kilima katika mji mkuu wake, Kaifeng, na akataka mawe ya kusini. Kazi ikapewa mtu wa Suzhou aitwaye Zhu Mian. Kuanzia mwaka 1105 huyu bwana akawa na ofisi mjini humo ya kukusanya mawe, miti na maua kwa ajili ya ikulu. Watu wake wakiona jiwe zuri au mti mzuri nyumbani kwa mtu, wanabandika karatasi ya njano, na tangu hapo ni mali ya mfalme. Ikitokea mlango ni mdogo kuliko jiwe, ukuta unabomolewa. Ikitokea daraja ni fupi kuliko jiwe lililo kwenye mashua, daraja linabomolewa. Mashua zilizokuwa zibebe chakula zikabeba mawe. Na wabebaji hawakuwa matajiri.

Mwaka 1120 watu wa mkoa jirani, Zhejiang, wakiongozwa na Fang La, wakaasi, na mtu waliyetaka kichwa chake kwa jina alikuwa Zhu Mian. Uasi ukazimwa mwaka uliofuata kwa damu nyingi. Kilima cha mfalme kikakamilika mwaka 1122. Miaka minne baadaye majeshi ya Wajurchen kutoka kaskazini yakauzingira mji mkuu. Zhu Mian akauawa mwaka 1126. Ndani ya mji uliozingirwa, miti ya bustani ikakatwa kuwa kuni, kulungu wa mfalme wakachinjwa kulisha askari, na mawe yale yaliyovunja nyumba za watu yakavunjwa na kurushwa kwa manati kuwapiga adui. Haikusaidia. Mwaka 1127 mji ukaanguka, Huizong akachukuliwa mateka, na akafia utumwani mwaka 1135.

Katika bustani nyingine ya Suzhou, Liu Yuan, limesimama jiwe moja la meta 6.5, na inasimuliwa kwamba ni moja ya yale yaliyokusanywa na Zhu Mian yasipate kusafirishwa. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Ni zuri, siwezi kudanganya. Watalii wanapanga foleni kupigwa picha nalo. Kibao kinaeleza urefu na uzuri wake. Ningefurahi kama kingetaja pia kuta zilizobomolewa.

Turudi kwa mzee Wang, maana hukumu yake bado. Alitaka bustani iwe mahali pa kujificha na siasa. Je, ilimficha?

Yeye mwenyewe ilimficha hadi kufa kwake. Mwanawe haikumfaa: inasimuliwa kwamba aliipoteza kwa usiku mmoja wa kamari, ikaenda kwa ukoo wa Xu. Baadaye upande wa mashariki ukaharibika, na mwaka 1631 ukanunuliwa na ofisa mwingine aliyejitenga na serikali, akajenga bustani yake humo. Ukoo wa Ming ukaanguka mwaka 1644, ukaingia wa Qing. Bustani ikachukuliwa na Chen Zhilin, kigogo aliyeutumikia utawala wa zamani na akautumikia mpya. Alitumia pesa nyingi kuikarabati akiwa kazini Beijing. Mwaka 1658 akaangukiwa na kesi, mali zake zikataifishwa, akapelekwa uhamishoni kaskazini na akafia huko. Wasimulizi wanasema hakuwahi hata kuikanyaga. Baada ya hapo ikaangukia kwa mkwe wa jenerali Wu Sangui. Mwaka 1673 jenerali akaasi, na bustani ikataifishwa tena.

Unaona mchezo? Bustani ya asiyejua siasa ilibadili mikono kila siasa ilipogeuka. Ukuta mweupe haukuzuia kitu.

Na mwaka 1860 siasa iliingia kwa farasi. Ulikuwa wakati wa vita vya Taiping, vilivyoanzishwa na Hong Xiuquan, mwalimu aliyefeli mitihani ya serikali na akaamini kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Vita hivyo viliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 20 au zaidi. Mwezi Juni mwaka huo jeshi la Taiping likaiteka Suzhou, na kamanda wake, Li Xiucheng, aliyeitwa Mfalme Mwaminifu, akaifanya bustani hii na nyumba za jirani kuwa makao yake. Fikiria: yungiyungi nje, amri za vita ndani.

Desemba 1863 mji ukarudi mikononi mwa serikali. Majeshi yaliongozwa na Li Hongzhang, na pamoja naye kulikuwa na kikosi cha mamluki kilichoongozwa na Mwingereza, Charles Gordon. Makamanda wa Taiping waliokubali kusalimu amri kwa ahadi ya kuachiwa uhai wakauawa wote, na Gordon alikasirika sana kwa ahadi hiyo kuvunjwa. Msomaji wa historia ya kwetu atakuwa ameshtuka kidogo kulisikia jina hilo. Ndiye huyo huyo. Baadaye alikwenda kumtumikia mtawala wa Misri huko Sudan, na ni yeye aliyependekeza Misri ipate njia ya kutokea Bahari ya Hindi. Matokeo yake mwaka 1875 meli za Misri zikateremsha askari Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, mpaka shinikizo la Uingereza likawafanya waondoke. Gordon mwenyewe aliuawa Khartoum mwaka 1885 na wafuasi wa Mahdi. Mtu mmoja, Suzhou hadi mwambao wa Waswahili. Dunia ya himaya ilikuwa ndogo kuliko tunavyodhani.

Li Hongzhang naye aliingia kwenye makao yale yale ya adui yake, akayageuza ofisi ya gavana, na akamwandikia ndugu yake akisifu uzuri wa mahali. Jengo lile sasa ni sehemu ya Makumbusho ya Suzhou. Mlango wa pili kuna jengo jipya la makumbusho hiyo, lililofunguliwa mwaka 2006 na kusanifiwa na I. M. Pei, yule wa piramidi ya kioo ya Louvre. Ukoo wake ni wa Suzhou, na uliwahi kumiliki bustani nyingine iliyo karibu hapo, ya Shizi Lin, kuanzia mwaka 1917 hadi ilipokabidhiwa serikali baada ya 1949. Ndani ya makumbusho Pei ameweka kilima cha mawe mbele ya ukuta mweupe. Fundi mzee anacheza mchezo wa nyumbani kwao.

Nilimtafuta pia fundi wa zamani mwenye jina, maana hadi hapo nilikuwa na orodha ya wamiliki tu. Nimempata Ji Cheng, mtu wa Wujiang, kusini kidogo ya Suzhou. Mwaka 1631 aliandika kitabu kuhusu ujenzi wa bustani, Yuanye, na ndani yake anasema wazi kwamba kazi nzuri inamtegemea zaidi anayeipanga kuliko yeyote mwingine, na anayeipanga si mwenye mali. Kwa wakati ule lilikuwa neno zito. Kitabu kilichapishwa kwa msaada wa mwanasiasa aliyechukiwa sana, Ruan Dacheng, na labda hiyo ni sababu mojawapo ya kusahaulika China kwa karne kadhaa. Nakala zilihifadhiwa Japani, na kikarudi kusomwa kwao katika karne ya 20. Hata kitabu cha fundi kiliangushwa na siasa za mdhamini.

Bustani ya Wang na zile zilizogawanyika kutoka kwake zilikarabatiwa baada ya 1949, na mwaka 1952 lango likafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1997 UNESCO ikaziweka bustani nne za Suzhou kwenye orodha ya urithi wa dunia, hii ikiwemo, na mwaka 2000 ikaongeza nyingine tano. Ufundi wenyewe haukufa. Metropolitan Museum ya New York ilipotaka ua wa mtindo wa Ming, mafundi na wahandisi 27 walitoka China kwenda kuujenga, ukafunguliwa mwaka 1981. Mfano ulichukuliwa kutoka Wangshi Yuan, bustani ndogo kuliko zote nilizoziona Suzhou na kwa macho yangu nzuri kuliko zote.

Wapo wanaolalamika kwamba bustani imeharibika kwa kujaa watu. Kweli, siku niliyokwenda kulikuwa na vipaza sauti vya waongoza watalii, watoto wakilia, na vijana wakigombea dirisha la kupigia picha. Ule ukimya alioutafuta Wang haupo. Lakini nilikaa kwenye baraza karibu na kundi la akina mama wazee waliokuja na chai yao kwenye chupa na karanga kwenye mfuko wa plastiki. Walikuwa wakicheka kwa sauti kubwa, miguu wameinyoosha, kwenye ukumbi ambao bibi zao wasingeweza kuufagia bila ruhusa ya mlinzi.

Nikapiga hesabu pale pale. Bustani ina zaidi ya miaka 500. Katika miaka hiyo imekuwa ya mkaguzi, ya mcheza kamari, ya vigogo, ya jeshi la waasi, ya gavana na ya mfanyabiashara wa chumvi. Wananchi wameingia kwa miaka sabini na kitu tu, na bado wanalipa tiketi mlangoni. Kwa hiyo swali langu la nani alilipia nina jibu lake: walilipa wakulima wa mpunga, wabeba mawe, wachimba bwawa, na leo wanalipa wajukuu wao. Tofauti ni kwamba hawa wa mwisho, wakishalipa, wanakaa.